Cheti Kimo Sandukuni, Zamu Imo Mwilini



Kila mwanzo wa mwaka, matokeo ya mtihani wa kidato cha nne yatangazwapo mjini Kampala, swali linalosikika katika kambi za askari na katika nyumba za polisi huwa moja tu: "Mtoto amepata ngapi?" Baba aliye zamu ya mbali hupiga simu kuuliza. Mama naye huulizwa kisimani, na jirani huuliza pia, ijapokuwa nia ya jirani si lazima iwe ile ile. Swali lenyewe ni la haki. Karo imelipwa kwa mshahara wa askari, ambao sote twajua urefu wake, na aliyelipa anastahili kujua amenunua nini.

Lakini juma hili ukurasa wetu wapenda kuuliza swali jingine, ambalo aghalabu haliulizwi kabisa. Mtoto huyo, katika miaka yake minne, alipewa kazi gani pale shuleni? Je, alipiga kengele? Alitunza ufunguo wa ghala? Aliandika majina ya wasiohudhuria? Aligawa uji, aliongoza kwaya, aliwasomesha wadogo jioni? Twauliza kwa sababu tukiwatazama wahitimu wa shule za Arua na Koboko, wa zamani na wa siku hizi, twaona kwamba kazi ya utu uzima, na nafasi ambayo mtu huishika miongoni mwa watu wake, mara nyingi hufanana na zamu aliyopewa shuleni kuliko inavyofanana na alama zilizomo katika cheti chake.

Ili neno hili lieleweke hatuna budi kurudi nyuma. Wakati wa utawala wa Waingereza, West Nile ilihesabiwa kuwa mahali pa kutolea watu wa kazi. Kijana mwenye nguvu alikuwa na njia mbili kubwa mbele yake: kusafiri kusini akakate miwa katika mashamba ya Kakira na Lugazi, au kuandikishwa katika jeshi la King's African Rifles, lile ambalo babu zetu waliliita Keya. Shule zilikuwa chache, tena za misheni. Wamisheni wa Africa Inland Mission walifika Arua mwaka 1918, na mapadri wa Kikatoliki wa shirika la Verona walikuwa na vituo vyao, kama vile Ediofe na Ombaci. Katika shule za namna ile mwanafunzi hakukaa kwenye benchi kutwa nzima. Asubuhi alisoma, mchana alilima, akachota maji, akabeba matofali ya jengo ambalo wadogo zake ndio wangesomea. Mzazi wa leo angeona hayo angeandika barua ya malalamiko kwa wilaya.

Humo ndimo alimopita Silvanus Wani, Mkakwa aliyezaliwa mwaka 1916. Alisoma shule ya kwao na shule ya msingi ya Arua, na katika miaka ya 1930 alirudi katika shule hiyo hiyo ya Arua akiwa mwalimu. Baadaye alikwenda chuo cha Buwalasi, karibu na Mbale, akawa kasisi. Vita Kuu ya Pili ilipokuwa ikiendelea aliingia Keya, si kwa kushika bunduki bali akiwa kasisi wa askari. Mwaka 1964 alifanywa Askofu wa Uganda Kaskazini, na mwaka 1969 akapewa dayosisi mpya ya Madi na West Nile. Tena katika miaka hiyo hiyo alikuwa kasisi mkuu wa jeshi la Uganda. Mwezi wa Februari 1977 Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa chini ya utawala wa Idi Amin, na Wani ndiye aliyechaguliwa kukalia kiti kile cha hatari. Alikikalia mpaka mwaka 1983.

Hebu zitazameni kazi hizi jinsi zilivyofuatana. Mwalimu wa watoto, kasisi wa askari walio mbali na kwao, askofu wa nchi yenye lugha nyingi. Zote ni kazi ya namna moja: kusimama mbele ya watu ambao hawakukuchagua, kuwaambia jambo gumu kwa maneno mepesi, na kuwajua kwa majina. Jambo hilo halitahiniwi katika mtihani wowote. Mtu hulijua kwa kulifanya, na mwalimu wa shule ya msingi hulifanya kila siku ya juma mpaka anazoea. Wala Wani hakuwa peke yake. Luwum aliyemtangulia naye alianza kazi kwa kufundisha shule ya msingi huko Acholi, kisha akapitia Buwalasi vilevile.

Koboko, hata hivyo, inajulikana mbali zaidi kwa jina la mtu mwingine. Idi Amin, ambaye ukoo wake wa baba unatajwa kuwa wa Wakakwa wa huko, aliingia Keya mwaka 1946 akiwa na masomo machache sana. Basi katika miaka ya 1940 jeshi moja liliwapokea watu wawili wa kabila moja, mmoja akitoka darasani na mwingine akiwa hakulijua darasa ila kidogo. Hatusemi kwamba kukosa shule ndiko kulikomfanya Amin kuwa alivyokuwa. Maelfu ya vijana wa West Nile waliingia jeshini bila kujua kusoma, wakatumika kwa uaminifu, wakarudi nyumbani wakalea watoto wao kwa haki, na wengi wa wasomaji wetu ni wajukuu wao. Twasema tu kwamba mmoja alikwisha kuzoezwa, kabla ya kupewa cheo chochote, kuwajibika kwa watu walio dhaifu kuliko yeye. Mwingine alipewa vyeo kwanza.

Pengine msomaji atasema, "Hao ni wakubwa wa nchi. Mwanangu mimi atakuwa karani au muuguzi, basi." Haya, tuzungumze habari za makarani.

Kusini kidogo ya mji wa Arua iko hospitali ya Kuluva. Katika miaka ya 1960 daktari wa hapo, Ted Williams, aliweka kumbukumbu za watoto waliopatwa na saratani ile ya taya na tumbo ambayo dunia yaiita kwa jina la Denis Burkitt, daktari mpasuaji aliyekuwa Kampala. Mwaka 1967 Williams na wenzake walitangaza katika jarida la madaktari la Uingereza kwamba kati ya mwaka 1961 na 1965 wagonjwa wa West Nile hawakutawanyika ovyo: waliougua karibu karibu kwa wakati, walikaa pia karibu karibu kwa mahali. Neno hilo liliwapa wataalamu sababu ya kutafuta kitu kinachoambukiza. Kisha, tangu mwaka 1972, damu ya watoto wapatao 42,000 ilichukuliwa hapa hapa West Nile, ili kuthibitisha uhusiano wa saratani hiyo na kirusi kinachoitwa Epstein-Barr. Sasa jiulizeni: uchunguzi wa kwanza ule ulisimama juu ya nini? Ulisimama juu ya daftari lenye jina la mtoto, jina la kijiji chake, na tarehe ugonjwa ulipoanza. Ni hayo tu. Angalikuwapo mwandishi mmoja mvivu wa kuandika kijiji, ama wa kukisia tarehe, ushahidi ungalipotea, na hakuna ambaye angalijua kwamba umepotea.

Mtoto aliyepewa zamu ya kuita majina asubuhi, akafundishwa kwamba asiyekuwapo huandikwa hayupo hata kama ni rafiki yake, amekwisha kuanza kazi hiyo. Polisi wanaotusoma wanajua thamani yake. Kesi ngapi zimevunjika mahakamani kwa sababu ya saa iliyoandikwa kwa kukisia?

Lakini mahali ambapo jambo hili lilionekana wazi kuliko popote si hospitali wala kanisani. Lilionekana uhamishoni.

Serikali ya Amin ilianguka Aprili 1979. Kuanzia mwishoni mwa mwaka 1980 vita na visasi viliwasukuma watu wa West Nile kuvuka mipaka kwa makundi makubwa, wengine Zaire, kama ilivyoitwa wakati ule, wengine Sudani ya kusini, hasa upande wa Yei. Walikaa huko miaka mitano, sita, wengine zaidi. Watu wa kila namna walikuwa pamoja katika makambi yale: waliokuwa maafisa, waliokuwa wafanyabiashara, wakulima wa tumbaku, wake wa askari wasiojua waume zao wako wapi. Vyeti vyao vilikuwa havina kazi. Wengi waliviacha katika nyumba zilizochomwa. Na aliyekuja nacho, angekionyesha nani?

Ndipo ikaonekana nani alifundishwa nini. Palipokuwa na kivuli cha mti na watoto, alitokea mtu akawapanga kwa umri, akatafuta ubao au kitu cha kuandikia, akaanza. Mara nyingi watu walijenga wenyewe madarasa ya miti na nyasi kabla msaada wowote haujafika. Baadhi ya waliofundisha walikuwa walimu kwa kazi yao. Wengine walikuwa vijana tu waliokatishwa masomo ya sekondari, ambao walikuwa hawajawahi kufundisha ila kuwasimamia wadogo wakati wa masomo ya jioni. Walijua mambo madogo ambayo shule yoyote haiendi bila hayo: kwamba lazima iwepo saa ya kuanza na mtu wa kuitangaza, kwamba wakubwa hukaa nyuma, kwamba chaki hugawanywa vipande, kwamba asiyekuja siku mbili mtu hutumwa kwao kuuliza kama ni mgonjwa. Mambo hayo hawakuyapata katika kitabu.

Familia zilipoanza kurejea, katikati ya miaka ya 1980 na baadaye, vijiji vingi vya Arua na Koboko vilikuta majani yamemea ndani ya nyumba, na shule zilikuwa kuta tu. Waliozianzisha tena, wakaketi katika kamati za wazazi, katika mabaraza ya vijiji na parokia, walikuwa kwa sehemu kubwa watu wale wale wa chini ya miti, ama wanafunzi wao. Twaomba wasomaji vijana, ambao kwao uhamisho ni hadithi za bibi, waulize nyumbani: nani aliyekufundisha kule Sudani? Nao watashangaa jinsi jina litakavyotajwa upesi.

Katika habari hizo hizo imo moja ambayo si nyepesi kuiandika katika gazeti linalosomwa na askari, nayo haifai kurukwa. Tarehe 24 Juni 1981, askari wa jeshi la serikali ya wakati ule, UNLA, waliwaua raia waliokuwa wamekimbilia misheni ya Ombaci, karibu na mji wa Arua, palipo Chuo cha Mtakatifu Yosefu. Kaburi lao la pamoja lipo pale. Wanafunzi wa Ombaci wa miaka yote iliyofuata wamesoma karibu na kaburi hilo. Twalitaja kwa sababu tunapozungumza juu ya mambo anayoyaona mtoto shuleni, tusidhani kwamba ni mwalimu tu anayemfundisha. Mtu mwenye sare apitaye langoni naye humfundisha. Askari wa zamu anayemvusha mtoto wa darasa la kwanza barabarani, na yule anayemfukuza muuza karanga wa shule kwa kiboko, wote wawili wametoa somo, na somo hilo halifutwi ubaoni jioni. Mtoto huyo, akiisha kuwa mwenyekiti wa kijiji, ndiye atakayeamua kama atawaita polisi penye ugomvi wa ardhi au atawaita vijana wenye mapanga.

Sasa tugeukie kosa ambalo twaliona katika shule nyingi, za Arua na za kwingineko. Kazi imefanywa kuwa adhabu. Mtoto akichelewa, apewe jembe. Akipiga kelele, apewe jembe. Aliyefanya vyema asamehewe jembe. Kwa miaka kumi na mitatu mtoto hufundishwa kwamba kulima ni fedheha wanayostahili wakosaji, kisha siku ya mahafali mgeni wa heshima husimama na kuwahimiza vijana warudi shambani! Ingekuwa ajabu kama wangemsikiliza. Katika shule za misheni za zamani kazi ilikuwa nzito, pengine nzito mno, lakini kila mtu aliifanya, na mwalimu alionekana akiifanya. Hapo ndipo tofauti ilipo. Askari wanalijua hili bila kuambiwa, maana kufagia uwanja kambini kwaweza kuwa zamu na kwaweza kuwa kifungo. Fagio ni lile lile, moyo ndio unaobadilika.

Lugha nayo imefanyiwa vivyo hivyo. Wengi wetu tuliosoma zamani twakumbuka kile kipande cha ubao kilichofungwa kamba, ambacho mtoto alivishwa shingoni akisikika akisema lugha ya nyumbani. Jioni aliyekuwa nacho aliadhibiwa. Mwandishi wa ukurasa huu alikivaa, akajifunza upesi kunyamaza, jambo ambalo sidhani kama ndilo lililokusudiwa. Tangu mwaka 2007 mtaala wa Uganda umetaka watoto wa darasa la kwanza hadi la tatu wafundishwe kwa lugha ya mahali pao, na hiyo ni heri. Lakini desturi ya kuionea haya lugha ya mama haijafa, hata katika shule ambazo kile kibao kimekwisha kutupwa.

Na hasara yake haiko mbali. Wakakwa wako katika nchi tatu: Uganda, Sudani Kusini na Kongo. Walugbara nao wako Uganda na Kongo. Pale Salia Musala, katika wilaya ya Koboko, mipaka ya nchi hizo tatu inakutana. Vita vya Sudani Kusini vilipowaka tena mwaka 2016 wakimbizi waliingia West Nile kwa mamia ya maelfu, na makambi kama Rhino Camp na Imvepi, yaliyokuwa ndani ya Arua kabla wilaya mpya hazijakatwa, yakajaa. Kambi ya Lobule, Koboko, ilikuwa imekwisha kupokea Wakongo. Wajukuu wa wale waliofundishwa chini ya miti kule Yei wakapata nafasi ya kulipa. Penye zahanati na penye darasa alitakiwa mtu mmoja aliyeweza kusikia anachosema mama mgeni na kumweleza muuguzi kwa Kiingereza. Mhitimu wa Koboko aliyekijua Kikakwa vizuri, akakijua Kiingereza, na Kiswahili kidogo cha sokoni, alikuwa na thamani kuliko yule aliyekuwa na alama nyingi na lugha moja. Basi shule iliyomwadhibu kwa Kikakwa ilikaribia kumnyang'anya chombo chake cha kazi.

Kiswahili tunakitaja kwa furaha maalumu. Mtaala mpya wa sekondari ulioanza mwaka 2020 umekiweka miongoni mwa masomo ya lazima katika kidato cha kwanza na cha pili, na tatizo kubwa limekuwa kupata walimu. Katika nyumba nyingi za wasomaji wetu mwalimu wa Kiswahili aliye karibu zaidi ni baba mwenyewe, ambaye amekisema tangu siku alipoandikishwa. Afande, likizo ijayo usikae na redio peke yake.

Mtaala huo huo una jambo jingine ambalo wazazi wengi hawajalitambua. Alama 20 katika kila 100 za mtihani wa kidato cha nne hutoka katika kazi iliyofanywa shuleni, na wanafunzi hutakiwa kufanya miradi. Wa kwanza kutahiniwa kwa utaratibu huu walifanya mtihani mwaka 2024. Tumesikia wazazi wakinung'unika kwamba watoto wao "wanachezea sabuni na kuku badala ya kusoma." Wanaonung'unika hawajakosea kabisa, kwani mradi unaweza kugeuka kuwa maonyesho ya siku moja, baba akatoa fedha, kikanunuliwa kitu dukani, mwalimu akaandika alama. Lakini ukifanywa kwa kweli ni zamu ile ile ya zamani iliyorudi kwa jina jipya, na safari hii imewekwa katika cheti.

Kuna neno la pekee kwa wazazi wa wasichana. Ukichunguza zamu katika shule za mchanganyiko utaona mara nyingi kwamba funguo, daftari na kengele huwa mikononi mwa wavulana, na jiko, ufagio na maji huwa kwa wasichana. Hapo hakuna kinachosemwa, lakini kila mmoja amekwisha kuambiwa atakuwa nani kijijini. Baadaye twashangaa kwa nini katika kamati ya kisima, ambacho wanawake ndio wakichotao, mweka hazina ni mwanamume. Koboko imepata kuwa na mbunge, Bi Margaret Baba Diri, ambaye alikuwa mwalimu kabla hajapofuka akiwa mtu mzima. Upofu ulimwondolea ubao na vitabu. Haukumwondolea uzoefu wa kusimama mbele ya watu na kueleza jambo mpaka lieleweke, na kwa uzoefu huo alikaa Bungeni miaka mingi, kwanza akiwasemea watu wenye ulemavu, kisha akiwakilisha wanawake wa wilaya ya Koboko. Mpeni binti ufunguo wa ghala angali mdogo.

Familia za askari zina shida yao wenyewe, nayo ni uhamisho. Mtoto aliyebadilisha shule nne katika miaka saba huwa mgeni kila mahali, na mgeni hapewi ufunguo. Hukaa nyuma, husoma, hufaulu, huondoka, na hakuna zamu yoyote iliyokuwa yake. Wako wanaosema dawa ni kumweka bweni Arua akae mahali pamoja, na penye uwezo huenda ni kweli. Pasipo uwezo, mzazi anaweza kufanya jambo dogo siku ya kumwandikisha: amwambie mwalimu wa darasa ni kazi gani mtoto aliifanya katika shule aliyotoka. "Huyu alikuwa akitunza vitabu vya kusomea." Mwalimu mwenye watoto mia moja darasani hatasahau sentensi hiyo, kwa sababu anatafuta mtu wa kutunza vitabu.

Na siku ya kutembelea wanafunzi, baba akifika na soda na mkate, asiulize nafasi ya mtoto darasani peke yake. Aulize zamu yake ya muhula huu ni ipi, na anaifanyaje. Akijibiwa kwamba hana, amuulize mwalimu kwa upole sababu yake. Akijibiwa kwa maelezo marefu mpaka soda ikaisha moto, asikilize mpaka mwisho.

Linabaki suala la kijana aliyekwisha kumaliza, aliye nyumbani Koboko tangu mwezi wa kumi na moja akingoja matokeo. Baba anamwona amekaa. Mama anamwona anakula. Kabla ya kumtafutia bodaboda ya kukodi au kumpeleka kwa mjomba mjini, mtumeni kwanza kwa mwenyekiti wa kisima cha kijiji aombe kuliona daftari la michango. Mara nyingi hesabu zake zilisimama miezi mingi iliyopita, ukurasa wa mbele umeliwa na mchwa, na hakuna ajuaye nani amelipa na nani bado. Apewe kalamu na mstari wa kupigia, akae chini ya mwembe na wale akina mama, aanze kuwauliza mmoja mmoja.